Jumapili za Joka Mwoga

Kitabu cha kwanza nilikichoma bambo. Sina neno lingine la kusema. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho sisi wa nafaka tunakichomeka kwenye gunia kuvuta punje za ndani, maana gunia la mtu usiyemjua huwezi kuliamini kwa kulitazama mdomoni. Unachoma juu, unachoma kati, unachoma chini. Juu kila mtu anaweka mtama mzuri. Ukweli uko chini: mchanga, wadudu, na mtama wa mwaka juzi. Kazi hiyo nimeifanya soko la Majengo, hapa Dodoma, tangu mji huu ni vumbi tupu, kabla serikali haijahamia na kila mtu hajawa na kiwanja. Nyumba yangu ya Miyuji nimeijenga kwa bambo. Mimi mwenyewe darasa la tatu sikulimaliza. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha namna ya kupima kitu.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nimetoka kanisani, nimekula ugali wangu wa uwele na mlenda, nimeosha sahani moja na kikombe kimoja, nikaingia chumba cha mjukuu wangu kuangalia kama mchwa wameingia. Mchwa wa Miyuji hawana adabu. Ukifunga chumba wao wanajua kimefungwa.

Mjukuu mwenyewe alikuwa chuo cha uuguzi, Mbeya. Ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu alifariki huyu akiwa hajaanza shule, mke wangu akamlea, kisha mke wangu naye akatangulia, tukabaki wawili, mimi na mjukuu, tunagombania kiti kimoja cha kamba pale barazani. Alipokwenda chuo, kiti kikawa changu. Nilidhani nitafurahi.

Chini ya kitanda kulikuwa na boksi la sabuni, na ndani ya boksi vitabu sita vidogo vya katuni. Nilivijua kwa sura. Alivipata alipokuwa bweni, sekondari kule Mvumi. Kulikuwa na mwalimu wa kigeni aliyekuja kufundisha kwa kujitolea, na siku ya kuondoka akagawa vitu vyake. Wenzake wakagombea viatu na mwavuli, yeye akachukua vitabu. Nilimwona mjinga. Viatu vile vilikuwa vizuri. Yeye anaviita manga. Ni katuni za Wajapani, zimegeuzwa Kiingereza, na Kiingereza mimi sina. Lakini picha hazina Kiingereza. Nikakaa juu ya kitanda chake, nikachukua kitabu chenye namba moja, nikachoma.

Juu: msichana mwenye nywele fupi na kijana mwenye pembe ndogo kichwani wamekaa kwenye ngazi, wanakula mkate, wanacheka mpaka macho yamefumba, na maua yanaelea tu hewani bila mti. Vizuri. Kati: watu wanakimbia, mbuzi amevaa miwani anapiga kelele. Chini: msichana yule yule peke yake, mvua inamnyeshea, unga wake umelowa, geti limefungwa mbele yake.

Nikasema, aha. Hiki ndicho kilichoko chini ya gunia.

Nikaona nisimhukumu mtu kwa kuchoma mara tatu, nikarudi nikakisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, kidole juu ya picha, kama nilivyojifunza kusoma maandishi ya kwenye magunia. Kilinishinda akili. Mkate ulitoka mezani ukaingia kwenye tanuri, ukatoka kwenye tanuri ukiwa unga mbichi, unga ukarudi kwenye mfuko, mfuko ukarudi dukani. Watu waliokuwa wanacheka pamoja wakawa wanasalimiana kwa mashaka, halafu hawafahamiani kabisa, halafu mmoja yuko kwenye mvua. Kwa kuwa mle ndani kuna pembe na mbuzi anayesema, nikajua ni uchawi. Ila uchawi hasa haukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba mtoto niliyemlea mimi alikuwa analala juu ya vitabu sita vya watu wanaoachana, na hakuniambia kitu.

Nikapiga simu.

"Shikamoo, mume wangu mzee."

"Marahaba, mke mdogo. Uko wapi?"

"Bwenini, nafua. Kuna nini, Babu? Unaumwa?"

"Mpaka niumwe ndiyo nipige?"

"Babu, wewe hupigi."

Kweli. Nilikuwa sipigi. Alikuwa anapiga yeye, ananiuliza nimekula, namjibu nimekula, namuuliza anasoma, ananijibu anasoma, namwambia kata, usimalize salio. Nilijiona mtu wa maana kwa simu fupi. Sokoni ukiona mtu anaongea sana kwenye simu ujue mzigo wake haujauzika.

"Nimeona vitabu vyako," nikamwambia. "Vya huzuni mno. Una jambo? Sema. Kuna mtu kakuacha kwenye mvua?"

"Mvua gani?"

"Ya kwenye kitabu. Wanaanza vizuri, wanakula mkate, mwisho binti anabaki peke yake getini na unga umelowa. Kitu gani hicho cha kusoma mtoto wa kike?"

Halafu akauliza taratibu, kama daktari anayemuuliza mgonjwa amekunywa nini: "Babu, umeanzia upande gani?"

"Upande wa mwanzo. Nianzie wapi, katikati?"

Nikasikia ndoo imegonga sakafu. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, na wenzake wakawa wanamuuliza kuna nini, naye anawaambia, "Babu yangu, jamani, Babu yangu kasoma kinyume!" Wajapani, kumbe, wanaanzia kulia. Kitabu chao mwisho wake ndiko mwanzo. Ile niliyoiita chini ya gunia ndiyo mdomo wa gunia.

Nilikasirika. Sipendi kuchekwa, na hasa na mtu niliyemfuta kamasi. Nilitaka kukata. Lakini nikaona kitu kimoja: simu ilikuwa bado hewani. Hakuna aliyesema nimekula wala kata. Akaniambia, "Babu, chukua hicho cha kwanza, kigeuze, nikusomee. Ninavyo hivyo hivyo kwenye simu yangu." Nikageuza. Nikaweka simu ndani ya bakuli la bati ili sauti iwe kubwa, akaanza kunisomea kwa Kiswahili, na nguo zake zikakaa kwenye povu mpaka jioni.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili baada ya kanisa, yeye Mbeya, mimi Miyuji, bakuli mezani.

Hadithi yenyewe ni ya kipuuzi, nisidanganye. Kuna mji wenye kuta, na ndani yake msichana mwoka mikate asiye na ndugu. Kuna kijana ambaye ni joka. Akitaka anakuwa mtu, asipotaka ni joka lenye mabawa, kubwa kama lori la tani kumi. Shida yake anaogopa kupaa. Joka zima linaogopa kwenda juu! Akipanda ngazi ya pili tu magoti yanagongana. Na akimwona yule msichana moshi unamtoka masikioni, basi anajifunika masikio na kukimbia. Yupo pia yule mbuzi mwenye miwani ambaye ni hakimu wa mji, na huyo ndiye niliyempenda. Mbuzi yule ana akili. Kila kesi anayoletewa anauliza kwanza, "Nani hapa hajala?"

Mwanzoni nilikuwa nauliza maswali ya ukweli.

"Hayo majasho makubwa kwenye paji la uso, ni homa?"

"Ni aibu, Babu."

"Na haya maua hewani? Nani kayarusha?"

"Hakuna aliyerusha. Ni moyo wake umefurahi."

"Sasa moyo ufurahi ndani, maua yatoke nje?"

"Ndiyo, Babu. Ndivyo wanavyochora."

"Mimi moyo wangu umefurahi mara nyingi na sijaona hata jani."

"Bibi angekuwepo angesema aliliona."

Bibi yake alikuwa na tabia ya kunitazama usoni nikirudi na faida, kabla sijafungua mdomo, na kusema leo umeuza.

Jambo lililonikera zaidi lilikuwa hili: hawasemi. Joka anampenda msichana, msichana anampenda joka, mbuzi anajua, mji mzima unajua, mpaka ufagio wa dukani, ambao nao una macho, unajua, na wao kitabu cha kwanza kimeisha hawajasema, cha pili hawajasema. Msichana anasema leo mkate umeiva vizuri. Joka anasema ndiyo, umeiva. Halafu kurasa nne za kuangalia dirisha.

"Kwa nini asitume mshenga?" nikauliza.

"Hawana washenga, Babu."

"Mbuzi yupo! Mzee mzima, ana miwani, amtume mbuzi aende kwa watu wa msichana."

"Msichana hana watu. Nimekuambia ni yatima."

"Basi ndiyo arahisishiwe. Aende mwenyewe asimame mlangoni aseme. Mimi kwa bibi yako nilikwenda na wajomba zangu, tukalala njiani, tukafika tukasema kilichotuleta. Siku ile ile."

"Ulimwambia Bibi mwenyewe? Au waliambiwa wazee wake?"

"Wazee wake."

"Na yeye ulikuja kumwambia lini?"

Nikamwambia aendelee kusoma.

Kuna ukurasa mmoja kwenye kitabu cha tatu ambao ulinifanya nigombane na mchoraji. Hauna kitu. Kuna mkono tu juu ya kitasa cha mlango, na sehemu nyeupe yote inayobaki haina neno wala mstari. Nikasema hapa tumepunjwa. Huyu kachukua hela ya ukurasa mzima akachora mkono. Mjukuu wangu akasema, "Hapo wamenyamaza, Babu. Yeye yuko nje ya mlango, mwenzake yuko ndani, na kila mmoja anajua mwenzake yupo." Nilikuwa nimekaa chumbani kwake na mlango uko wazi, ukumbi unaonekana, viti vimepangwa, kila kimoja kina kitambaa chake alichokidarizi mke wangu, na hakuna aliyekaa.

Kwa wiki nzima hicho kitabu kilikuwa hakitoki kichwani. Nikaanza kwenda sokoni na kile kinachofuata. Asubuhi wateja wanajaa, ila mchana jua likisimama Majengo inalala, hata bajaji zinapita bila kupiga honi. Nikawa nakiweka ndani ya gazeti nasoma picha za mbele, niwe nazijua kabla ya Jumapili. Jirani yangu wa kibanda, muuza mchele, Mwislamu wa hapa hapa mjini, babu zake waliingia Dodoma na misafara wakati babu zangu wanachunga, tumetaniana miaka yote. Huyo bwana hajawahi kukosa kitu kinachomhusu jirani. Alikuja nyuma yangu kimya kimya.

"Mgogo wewe! Gazeti lako lina watoto ndani?"

"Ondoka."

"Hebu nione. Lahaula! Mzee mzima na mvi zako, unasoma katuni za mapenzi! Jamani njooni muone, mzee ana mchumba wa karatasi!"

"Ni kitabu cha mjukuu wangu. Nakikagua."

"Unakikagua tangu Jumatatu?" Akavuta kigoda akakaa. "Huyu mwenye pembe nani?"

"Joka."

"Na huyu?"

"Mwoka mikate. Wanapendana."

"Kamwoa?"

"Bado."

"Kitabu cha ngapi hicho?"

"Cha nne."

"Cha nne! Waende kwa shehe waandikishwe yaishe. Kapeleka hata mbuzi mmoja?"

"Mbuzi ni hakimu."

Akanitazama kwa muda, kisha akatazama jua, kisha akaniuliza kama nimekunywa maji tangu asubuhi. Lakini kesho yake alirudi na chai mbili. "Haya," akasema, "yule mwoga amefikia wapi?"

Nitasema ukweli kuhusu zile Jumapili. Kuanzia kitabu cha nne nilikuwa naelewa. Picha zile ukizizoea zinasema zenyewe. Nilikuwa najua nani kakasirika na nani anajifanya. Lakini nikawa nauliza. Nauliza kitu ninachokijua, anajibu, nauliza tena, anaeleza kwa upana, na katika kueleza anachomekea ya kwake: kwamba leo wodini kafa mtoto, kwamba chakula cha chuo kimejaa mawe, kwamba Mbeya kuna baridi mpaka maji yanauma. Angeniambia hayo kwa simu ya nimekula-kata? Asingeniambia. Kwa hiyo nilikuwa mjinga kwa makusudi, na ujinga huo ulikuwa na faida kuliko gunia lolote.

Tukawa tunakwenda polepole. Wakati mwingine ukurasa mmoja, Jumapili nzima.

Halafu akamaliza masomo, akapelekwa mafunzo ya vitendo hospitali, na Jumapili zikaanza kutoboka. Kwanza mara moja. Zamu, Babu. Nikamwambia kazi ni kazi. Halafu mbili mfululizo. Nilikuwa naweka bakuli mezani, naweka simu ndani, nakaa. Bakuli lenye simu isiyolia ni kitu kibaya sana kutazama. Majirani wakipita uani wananikuta nimekaa nimelikodolea macho, wananiuliza Mzee, unasubiri mboga? Nikaacha kuweka bakuli.

Nikajaribu kusoma peke yangu kwa sauti. Msichana nikampa sauti nyembamba, joka nikampa sauti ya kwangu, mbuzi nikamsemesha Kigogo maana ni mtu mwenye heshima. "Mbukwa," anasalimia mbuzi kila akiingia. Nilikuwa nacheka mwenyewe. Halafu nasikia kicheko changu kinatoka ukumbini kinarudi, nafunga kitabu. Nyumba ya vyumba vitano, nimeijenga tofali kwa tofali, sikukopa kwa mtu, na sauti pekee iliyomo ni ya mzee anayeongea kama msichana wa Kijapani.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka, watu wa vijijini wanakuja kununua mbegu, alipopiga. Haikuwa Jumapili. Niliona tu jina lake kwenye kioo nikaacha mteja kwenye mizani.

"Babu, nimepata kazi. Tena mbili."

"Mungu mkubwa. Wapi?"

"Moja serikalini, Kigoma. Huko vijijini, ziwani. Nyingine ni zahanati hapo Chamwino, ya mkataba. Mshahara wake mdogo, ila ni karibu. Naweza kuwa naenda na kurudi hapo nyumbani." Akaongeza, "Wanataka jibu wiki hii. Nimesema nikuulize."

"Uniulize nini?"

"Unavyoona wewe."

Muuza mchele alikuwa amesimama karibu, amebana pumzi, masikio yake yote kwangu. Mteja alikuwa ananiita mzee, mzee. Na mimi, ambaye soko zima linajua sina kona, ambaye nimewahi kumwambia mkubwa mmoja mbele ya dereva wake kwamba mahindi yake yana sumukuvu na sinunui, nikageuka nikaitazama mizani.

"Serikali ni serikali," nikamwambia. "Mkataba ni upepo. Nenda Kigoma."

"Na wewe?"

"Mimi nimefanyaje? Nina miguu, nina mikono. Mimi sijawahi kubebwa na mtu."

"Babu, unataka nirudi?"

Aliuliza hivyo hivyo, wazi. Hajafunzwa na mimi bure.

"Nataka ufanye kazi," nikasema. "Nina mteja hapa. Kata, usimalize salio."

Muuza mchele hakunitania. Alirudi kibandani kwake akaanza kupepeta mchele uliokuwa umeshapepetwa.

Akaenda Kigoma. Alipita nyumbani siku mbili kuchukua nguo. Tulikaa barazani, tukagombania kile kiti, nikamwachia. Vitabu akasema vibaki, huko kuna unyevu, vitaoza. Hatukusoma. Kulikuwa na kufua, kupiga pasi, wageni wa kumuaga, kuku wa kuchinja. Nilimsindikiza stendi alfajiri, nikamnunulia maji na karanga, nikasimama nje ya dirisha la basi nikimwambia konda aangalie begi lake vizuri. Maneno yote nilimwambia konda.

Nilipobaki, nikamaliza vitabu. Cha tano nilikimaliza haraka kuliko nilivyotaka. Cha sita nilikivuta, nikafungua ukurasa na kufunga, lakini mwisho una tabia ya kufika. Yule joka alipanda juu ya paa la duka la mikate. Alipanda kwa ngazi, si kwa mabawa, anatetemeka mpaka vigae vinaanguka, mji mzima umetoka nje na mbuzi ameshika miwani yake. Akasema kwa msichana maneno matatu tu ya Kiingereza, na hayo hata mimi nayajua, yameandikwa nyuma ya kila bajaji Dodoma. Msichana akalia, maua yakajaa ukurasa mzima. Muuza mchele nilipomwonyesha akapiga makofi, akasema, "Alhamdulillah, nilikuwa naanza kuumwa."

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nafikiria kitu kingine. Vitabu vimeisha. Sina pa kuuliza. Nilikuwa na maswali ya akiba, nimeyatunza: kwa nini ufagio una kinyongo, nani alimnunulia mbuzi miwani. Sasa hata hayo majibu yake yamo mle mle na nimeyaona. Mtu ambaye sijawahi kumpigia bila sababu, nitampigia kwa sababu ipi?

Jumapili mbili zilipita. Yeye alituma ujumbe: Babu uko salama, mtandao wa huku mbaya, zamu nyingi. Nikamjibu salama. Neno moja. Nilikaa nalitazama hilo neno langu nikaona ni la mtu mwenye roho ya mawe.

Jumapili ya tatu, nimeosha sahani moja na kikombe kimoja, nikapiga. Sikuweka bakuli. Nilishika simu mkononi.

"Shikamoo, mume wangu! Umefika wapi kwenye kitabu?"

"Marahaba. Vimeisha."

"Vyote? Umemaliza bila mimi?"

"Nimemaliza. Joka kasema."

"Sasa, umepiga kuuliza nini?"

"Sina cha kuuliza."

Nilisikia nyuma yake watu na kama upepo wa ziwa, au labda ilikuwa feni.

"Nyumba imekuwa kubwa," nikamwambia. "Ile siku ulipouliza kama nataka urudi. Nilitaka. Nilitaka uchukue ya Chamwino."

Nikatazama kioo kuona kama simu imekatika.

"Babu. Si ungesema."

"Nasema sasa."

"Sasa nimeshasaini. Nimesharipoti. Wana wauguzi wawili tu huku, na mmoja ni mimi."

"Najua. Sikuambii urudi. Wagonjwa ni wagonjwa, kaa nao. Nakuambia tu ujue."

Nikasikia anavuta pua. Kisha sauti ya mwanamke ikaita kwa mbali, "Nesi! Nesi, njoo huku!" naye akajibu, "Nakuja, mama," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu mzima anayetegemewa.

"Babu, kuna mama anajifungua. Nisikilize. Likizo ya kwanza ni mwakani, nakuja hapo, sipiti popote. Na Jumapili nikiwa zamu ya asubuhi nitakupigia mchana. Nikiwa zamu ya mchana sitapiga. Usikae unasubiri."

"Nitakaa," nikasema. "Wewe nitumie tu ratiba."

Akacheka huku analia, akakata.

Msije mkasema nilifunzwa na katuni. Sikufunzwa. Nilikuwa mtu mzima tangu zamani, na ningesema hata kama yule joka angebaki chini ya ngazi. Labda ningechelewa zaidi, hilo sibishi.

Nikatoka nje nikawamwagia kuku mtama. Jua lilikuwa bado juu ya vilima, halina haraka, na sauti za kwaya ya vijana wanaofanya mazoezi zilikuwa zinakuja na upepo kisha zinapotea. Nikaenda kukaa kwenye kile kiti cha kamba.